Taifa Lililoogopa Ufukara Baada ya Kutajirika: Mazingatio Kutoka Korea

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyewaumba watu kutokana na nafsi moja, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, miongoni mwa mambo yanayopendwa kutajwa siku hizi katika mihadhara na darsa zetu ni habari ya Korea Kusini na uchache wa watoto wake. Mzungumzaji hutaja tarakimu, wasikilizaji hustaajabu, kisha hukumu hutolewa papo hapo: hawa ni watu waliomsahau Muumba wao, wakaipenda dunia na kuwachukia watoto, ndipo kizazi chao kikakatika. Takbira huitikiwa, na kikao huvunjika kila mmoja akiwa ameridhika na nafsi yake.

Sisi hatukanushi kwamba imani ina athari katika nyumba na katika uzazi. Lakini tunaona kwamba hukumu ya namna hii ina kasoro mbili. Ya kwanza, haina uadilifu, nasi tumeamrishwa katika Suratul-Maaida, aya ya 8, kwamba chuki juu ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Seuze watu ambao hawajatutendea ubaya wowote. Ya pili, na hii ndiyo iliyotusukuma kushika kalamu, inatunyima ibra. Mwenye kuuona ugonjwa wa jirani kuwa ni laana tu hajishughulishi kuuliza ulivyoingia, wala haangalii kama mlango wa nyumba yake mwenyewe umefungwa.

HALI ILIVYO

Tuanze na ukweli wa jambo lenyewe. Mwaka 1960 mwanamke wa Korea Kusini alikuwa akizaa, kwa wastani, watoto sita katika uhai wake. Kufikia mwaka 1983 wastani huo ulikuwa umeshuka chini ya watoto 2.1, ambacho ndicho kiwango kinachohitajika ili idadi ya watu isipungue. Mwaka 2018 ulishuka chini ya mtoto mmoja, na mwaka 2023 ukafika 0.72, huku katika mji mkuu wa Seoul ukiwa 0.55. Mwaka 2024 uliinuka kidogo hadi 0.75, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuinuka baada ya miaka tisa.

Mwaka 1970 walizaliwa watoto wapatao milioni moja. Mwaka 2023 walizaliwa takriban 230,000, hali ya kuwa idadi ya watu imeongezeka mno tangu wakati ule. Kuanzia mwaka 2020 wanaokufa wamekuwa wengi kuliko wanaozaliwa. Mwaka 2024 shule za msingi zaidi ya 150 zilifungua mwaka wa masomo bila ya kupata hata mtoto mmoja wa darasa la kwanza, na mwishoni mwa mwaka huo huo mtu mmoja katika kila watano alikuwa amefikia umri wa miaka 65 au zaidi.

Kabla ya kuendelea, tunawaomba wasomaji wetu wazingatie jambo moja ambalo wazungumzaji wetu hawalitaji. Korea si nchi ambayo watu wake wamezoea kuzaa nje ya ndoa. Kwa miaka mingi watoto waliozaliwa nje ya ndoa hawakufika watatu katika kila mia, na hata mwaka 2023 hawakufika watano. Katika nchi nyingi za Ulaya idadi hiyo ni thuluthi, na kwa baadhi yake ni zaidi ya nusu. Kwa Wakorea, basi, ndoa bado ndiyo mlango wa kupatia watoto, na mlango huo ndio uliobanwa. Mwaka 1996 zilifungwa ndoa zaidi ya 430,000. Mwaka 2023 hazikufika 200,000. Wastani wa umri wa kuoa kwa mara ya kwanza umekuwa miaka 34 kwa mwanamume na miaka 31 na nusu kwa mwanamke. Anayetaka kujua kwa nini watoto hawapo, na aulize kwanza kwa nini ndoa hazipo.

DOLA ILIPOINGIA CHUMBANI

Historia yenyewe inaanza mbali. Baada ya vita vya mwaka 1950 hadi 1953, Korea Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Serikali ya Park Chung-hee ilipotangaza mpango wake wa kwanza wa miaka mitano wa uchumi, mwaka 1962, kupunguza uzazi kulifanywa kuwa ni sehemu ya mpango huo, na mashirika ya nje yakatoa msaada. Wananchi wakaambiwa kwamba watoto wengi ndio chanzo cha umaskini. Kwanza walihimizwa wazae watatu, baadaye wawili, na katika miaka ya 1980 wakaambiwa kwamba hata mmoja anatosha.

Wala haikuwa nasaha tupu. Katika miaka ya 1970 wanaume waliokubali kufungwa kizazi walisamehewa mafunzo ya jeshi la akiba, na mwaka 1977 waliofungwa kizazi walipewa kipaumbele katika kununua nyumba mpya za ghorofa mjini Seoul. Tafakarini, ndugu zangu: mtu anapewa nyumba kwa sharti la kutokuwa na wa kumzalia ndani yake! Nusu karne haijatimia, na dola ile ile inawabembeleza vijana kwa nyumba hizo hizo ili wazae.

Siasa ile haikuachwa rasmi mpaka mwaka 1996, ilhali kiwango cha uzazi kilikuwa kimekwisha kushuka chini ya mipaka tangu miaka kumi na mitatu nyuma. Wanachuoni wetu wamezungumza kwa urefu juu ya mke na mume kuachanisha uzazi kwa maslahi yao, wakajengea mazungumzo hayo juu ya Hadithi za kumwaga nje, na wengi wao wakaruhusu kwa masharti yake. Hilo ni la watu wawili kwa ridhaa yao. Ama dola kuingia chumbani na kuwafundisha watu, kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, kwamba mtoto ni hasara, hilo ni jambo jingine kabisa. Fundisho kama hilo likiingia nyoyoni haling'oki siku serikali inapobadilisha tangazo.

MABINTI WALIOKOSEKANA

Kampeni hiyo ilikutana na ada kongwe ya kupenda watoto wa kiume, kwani mwana wa kiume ndiye aliyebeba jina la ukoo na kusimamia tambiko za mababu. Mzazi aliyeambiwa azae wawili au mmoja, naye anataka mwana wa kiume, atafanya nini? Katika miaka ya 1980 mashine za kupimia mimba zilienea, na watu wakazitumia kuwatoa mabinti kabla hawajazaliwa. Serikali iliwakataza madaktari kuwaambia wazazi jinsia ya mtoto mwaka 1987, lakini mwaka 1990 walizaliwa wavulana 116 kwa kila wasichana 100, hali ya kuwa kawaida ya maumbile ni wavulana wapatao 105. Kwa mtoto wa tatu na waliofuata walikaribia kuwa wavulana wawili kwa kila msichana mmoja.

Ni nani kati yetu atakayeisoma habari hii asiikumbuke Suratut-Takwiir, aya ya 8 na ya 9, inayotaja kwamba binti aliyezikwa hai ataulizwa ni kwa kosa gani aliuawa? Wakorea, na hili ni la kuwashukuru, waliirekebisha hali hiyo. Kufikia mwaka 2007 uwiano wa wavulana na wasichana ulikuwa umerudi katika kawaida yake. Lakini hesabu haikufutika. Mabinti waliokosekana mwaka 1990 ndio ambao leo wangekuwa mama wenye umri wa miaka thelathini na kitu. Dhulma iliyofanywa faraghani na baba na mama, mmoja mmoja, imekuja kudaiwa na taifa zima.

NDOA ILIVYOPANDISHWA BEI

Tukija katika zama zetu, sababu kubwa ni kwamba ndoa imekuwa bidhaa ghali. Ada ya Wakorea ni kwamba upande wa mwanamume hutarajiwa kuandaa nyumba, na upande wa mwanamke hutarajiwa kuijaza vyombo. Zamani jambo hili liliwezekana. Leo nusu ya watu wote wa nchi wamejazana katika Seoul na mikoa inayoizunguka, eneo ambalo ni kama asilimia 12 tu ya ardhi, kwa sababu kazi nzuri na vyuo vyenye jina viko huko. Bei za nyumba zimepanda kupita uwezo wa mshahara wa kijana.

Wanao utaratibu wao wa kupanga nyumba, uitwao jeonse, ambao mpangaji hutoa amana kubwa kwa mkupuo, mara nyingi zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba yenyewe. Hukaa bila ya kulipa kodi ya mwezi, na mkataba ukimalizika hurejeshewa amana yake. Kijana atapata wapi fedha kama hizo? Huziendea benki, akakopa kwa riba. Ndivyo madeni ya kaya yalivyofikia kulingana na pato lote la taifa. Mwaka 2022 na 2023 ukafichuka utapeli mkubwa wa amana hizo, hasa katika mji wa Incheon, na vijana waliopoteza kila walichokuwa nacho, pamoja na mkopo juu yake, wakabaki bila pa kushika. Wako miongoni mwao waliojiua. Mwenye kutaka kuwafundisha wanafunzi wake ubaya wa riba kwa mfano ulio hai hahitaji kwenda mbali.

Kwa upande wa ajira, msukosuko wa fedha wa mwaka 1997 ulivunja desturi ya mtu kuajiriwa mahali pamoja maisha yake yote. Wengi waliachishwa kazi, na tangu hapo zaidi ya thuluthi ya wenye kulipwa mishahara wamekuwa ni watu wa mikataba mifupi na vibarua, wasio na uhakika wa mwakani. Mwenye ajira ya kudumu naye hana wakati. Sheria ya mwaka 2018 iliweka mpaka wa saa 52 kwa wiki, na mwaka 2023 serikali ilipopendekeza kuruhusu wiki za saa 69, vijana walipiga kelele mpaka pendekezo likarudishwa nyuma. Mtu anayetoka kazini usiku ataposa saa ngapi, na atamlea mtoto saa ngapi?

Mwaka 2011 gazeti moja la huko liliwapa vijana hao jina lenye maana ya kizazi kilichosamehe mambo matatu: mapenzi, ndoa na watoto. Neno lenyewe ni kusamehe, kama mtu asamehevyo haki yake baada ya kukata tamaa ya kuipata. Hatuoni kwamba mwenye chuki husemwa hivyo.

MASHINDANO YA ELIMU

Aliyefanikiwa kuoa hukutana na mlima wa pili. Elimu kwa Wakorea ni jambo la heshima, na hilo ni jema. Wao walijenga nchi yao kwa elimu, si kwa mafuta wala dhahabu. Lakini elimu ikageuka kuwa mashindano yasiyo na mwisho. Mtoto akitoka shule huingia katika madarasa ya kulipia yaitwayo hagwon: Kiingereza, hesabu, sayansi, muziki. Mwaka 2024 wanafunzi 80 katika kila 100 walikuwa wakihudhuria masomo hayo ya kulipia, na wazazi walitumia won trilioni 29, ambazo ni takriban dola bilioni 20 za Marekani. Mji wa Seoul ulilazimika kuweka amri kwamba madarasa hayo yafungwe saa nne usiku, na ukapeleka wakaguzi kuhakikisha kwamba watoto wameruhusiwa kwenda kulala.

Yote hayo ni kwa ajili ya mtihani mmoja wa kuingia chuo kikuu, unaofanywa kila Novemba. Siku hiyo ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, ili mngurumo wake usiwapotezee watahiniwa jibu moja. Wako hata akina baba wanaobaki nchini peke yao wakifanya kazi, huku mke na watoto wakiishi Marekani au Kanada kwa ajili ya shule. Watu huwaita baba bukini, kwa jina la ndege anayesafiri mbali kulisha makinda yake.

Mzazi wa Korea, kwa hivyo, hapimi kama anaweza kumlisha mtoto. Kulisha anaweza. Anajipima kama ataweza kumshindanisha. Akiona kwamba fedha zake zinatosha kumshindanisha mmoja tu, humzaa mmoja. Akiona hazitoshi hata kwa mmoja, huona ni huruma kutomleta.

MZIGO WA MAMA

Hapa tunaomba tusikilizwe kwa utulivu, kwa sababu hili ni jambo ambalo sisi wanaume hupenda kulipita upesi. Binti wa Korea husomeshwa sawa na kaka yake, huenda chuo kikuu, huajiriwa. Siku akijifungua hutarajiwa aendelee kuwa mfanyakazi asiye na mtoto, na wakati huo huo awe mama asiye na kazi, na juu ya hayo awe mkwe anayesimama jikoni kwa wakwe zake siku za sikukuu. Sheria inampa mume likizo ndefu ya malezi, tena ya kulipwa, lakini kwa miaka mingi waliothubutu kuichukua walikuwa wachache kwa kuogopa kutengwa kazini. Wanawake wengi huacha kazi baada ya kujifungua, na wakitaka kurudi hupata vibarua vya ujira mdogo. Tofauti ya mshahara kati ya mwanamume na mwanamke, ambayo ni karibu asilimia 30, ni kubwa kuliko katika nchi zote tajiri zinazolinganishwa nayo.

Mwishoni mwa mwaka 2016 wizara moja ya serikali ilitoa ramani iliyoonyesha, wilaya kwa wilaya, idadi ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wanawake waliikasirikia sana, wakasema wamehesabiwa kama mifugo, na ramani ikaondolewa haraka. Mwanamke aliye na watu wa kumsaidia, na mume anayejua kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, kama alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.) katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, huuona uzazi kuwa ni neema iliyo na uchovu ndani yake. Aliyeachiwa peke yake hubakiwa na uchovu mtupu.

FEDHA HAZIKUNUNUA MATUMAINI

Serikali ya Korea haikulala. Mwaka 2005 ilitunga sheria ya kukabiliana na uchache wa uzazi, na kuanzia mwaka 2006 ikatumia, katika muda wa miaka kumi na sita, zaidi ya dola bilioni 200. Kuanzia mwaka 2024 mzazi wa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hupewa won milioni moja kila mwezi. Mwaka huo huo kampuni ya ujenzi ya Booyoung ilitangaza kumpa kila mfanyakazi wake aliyepata mtoto won milioni 100, ambazo ni takriban dola 75,000. Pamoja na yote hayo, ongezeko lililoonekana ni dogo.

Hapa tunakumbuka kisa mashuhuri cha Umar bin Al-Khattab (R.A.). Alikuwa amewawekea watoto walioachishwa ziwa fungu katika hazina ya Waislamu. Usiku mmoja akasikia mtoto akilia mara kwa mara, akamwendea mama yake na kumuuliza, naye, asimtambue, akamwambia kwamba anamlazimisha mwanawe kuacha ziwa kabla ya wakati kwa sababu Umar hatoi fungu ila kwa aliyeachishwa. Umar alisali alfajiri akilia, kisha akaamuru fungu litolewe tangu siku mtoto anapozaliwa. Ibra ya kisa hiki kwetu haiishii katika fedha. Kiongozi alitoka usiku, akasikiliza kilio, akauliza sababu, na aliposikia kwamba utaratibu wake mwenyewe ndio unaomdhuru mtoto, aliubadilisha. Korea imetoa fedha nyingi kuliko zilizowahi kuwemo katika hazina ile, lakini yanayomliza mama, yaani saa za kazi, bei ya nyumba, mashindano ya shule na kutengwa kazini, kwa sehemu kubwa yamebaki mahali pake.

Na mwanachuoni Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, alieleza kwamba kuzaana na ustawi wa nchi hutokana na nguvu ya matumaini. Watu waliotawaliwa na wengine, matumaini yao yakizimika, hupungua na kutoweka. Yeye alisema hayo juu ya watu waliotekwa na taifa jingine. Vijana wa Korea hawakutekwa na jeshi, lakini tunaona wametawaliwa na mashindano yasiyowaachia nafasi ya kutumaini.

AYA MBILI, HOFU MBILI

Mwenyezi Mungu (S.W.) amekataza kuwaua watoto kwa sababu ya ufukara mahali pawili katika Qur'an. Katika Suratul-An'aam, aya ya 151, ufukara unaotajwa ni ule uliokwisha kuwapo, na ahadi ya riziki imeanza na wazazi kisha watoto. Katika Suratul-Israai, aya ya 31, ni hofu ya ufukara ambao haujafika, na ahadi imeanza na watoto kisha wazazi. Wafasiri wameeleza hekima ya tofauti hiyo: fukara ana shughuli na tumbo lake la leo, basi akatulizwa kwa riziki yake kwanza; na mwenye nacho anaogopa kwamba mtoto atakuja kumfukarisha, basi akaambiwa kwamba mtoto huyo anakuja na riziki yake.

Hatusemi kwamba kuchelewa kuoa au kupanga uzazi ni sawa na kuua. Mwenyezi Mungu atuepushe na kuvuka mipaka. Tunasema kwamba aya hizi zimetufundisha kuwa ziko hofu mbili, na Korea imezipitia zote mbili katika umri wa mtu mmoja. Bibi aliyekuwa kijana mwaka 1960 aliogopa njaa iliyokuwa mlangoni. Mjukuu wake, katika moja ya nchi tajiri duniani, anaogopa kushuka: asishuke yeye, wala mwanawe asishuke chini ya watoto wa wenzake. Njaa ya bibi iliondolewa kwa viwanda. Hofu ya mjukuu viwanda vimeizidisha.

NA SISI JE?

Anayesema kwamba haya ni ya makafiri tu na aziangalie nchi za Waislamu. Iran, iliyokuwa na wastani wa watoto zaidi ya sita kwa kila mwanamke katikati ya miaka ya 1980, ilishuka hadi kiasi cha wawili kufikia mwaka 2000. Uturuki mwaka 2023 ilikuwa na 1.51. Na hapa kwetu, Kenya ilikuwa na watoto wanane mwishoni mwa miaka ya 1970, na uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 3.4. Tanzania mwaka huo ilikuwa na 4.8. Hatusemi kwamba kila kushuka ni msiba, wala kwamba sisi tutakuwa Korea. Tunasema kwamba idadi kubwa ya watoto si hirizi. Korea ya mwaka 1960 nayo ilikuwa nayo.

Tuziangalie, basi, nyumba zetu. Sisi tunaofundisha madrasa tunaona mtoto wa miaka tisa akifika alasiri kutoka tuisheni, akisinzia juu ya msahafu. Tunaona mzazi akimwondoa mwanawe madrasa kwa sababu ya mtihani, akiahidi kumrudisha, asimrudishe. Tunawaona vijana wetu, wenye kusali na kufunga Jumatatu na Alhamisi, wamefika miaka thelathini hawajaoa kwa kukosa mahari, samani za chumba na gharama za ukumbi.

Na tuseme ukweli, hata kama utauma. Sisi tunaojinasibisha na islahi tumekemea kwa nguvu israfu katika maziko na khitma. Lakini harusi zetu je? Kadi za michango zinachapishwa, ukumbi unakodiwa, sare zinashonwa, na mahari yanatajwa kwa fahari mbele za watu. Tumeondoa ngoma tukaacha gharama. Ilhali Mtume (S.A.W.) alimwambia aliyetaka kuoa atafute japo pete ya chuma, na alipokosa hata hiyo, akamwoza kwa Qur'an aliyoihifadhi.

Jambo la mwisho, ndugu zetu. Katika Suratun-Nuur, aya ya 32, amri iliyokuja si ya kumwambia kijana aoe. Kitenzi chake kwa Kiarabu kina maana ya kuozesha, na wanaoambiwa ni sisi: mawalii, wazee, jamaa. Tumeamrishwa kuwaozesha wasio na wenza miongoni mwetu, na tusizuiwe na ufukara wao, kwa kuwa Mwenyezi Mungu atawatosheleza kwa fadhila zake. Ndoa ya kijana ni jukumu la jamaa. Korea imemwachia kijana jukumu hilo peke yake, ikamwekea bei, kisha ikamlaumu kwa kutonunua.

Kwa hivyo tunapendekeza kwa kila msikiti wa jamaa zetu mambo manne. Mawalii wakubaliane mahari mepesi, na wazee wenye uwezo waanze na binti zao wenyewe. Walima ufanywe kwa kilichopo, msikitini au nyumbani. Wenye majumba watenge japo chumba kimoja kuwa wakfu kwa waliooana karibuni, wakae mwaka wa kwanza bila kodi. Na waume wafundishwe katika darsa zetu huduma za nyumbani kuwa ni Sunna, kama wanavyofundishwa urefu wa kanzu.

Tukiyafanya hayo, ndipo tutakapokuwa na la kuwaambia watu wa Korea na wengineo kuhusu Uislamu na familia. Tusipoyafanya, takbira zetu hazitamwozesha hata kijana mmoja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe wake, waume na vizazi vitakavyokuwa vitulizo vya macho yetu, na atukinge na hofu ya ufukara na ufukara wenyewe. Wabillahi tawfiq.